Taa Inayosema Sijui

Machi 4

Nimefika. Gari la ofisi limenishusha mbele ya hoteli ya wifi yangu na masanduku ya vifaa, nguzo za chuma, paneli za sola zilizoviringishwa kwenye mablanketi, na mfuko mmoja wa nguo. Dereva hakuzima hata injini. Aliogopa mvua imkute huku, akageuza akaondoka kama aliyeona nyuki.

Wifi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Yote haya ni yako? Umekuja kukaa au umekuja kuhamia?"

"Msimu mmoja tu, wifi. Ofisi imenituma. Tunaweka mtandao, wifi, hapa kivukoni."

Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Mnaweka wifi. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii, nani amewaambia wifi hayupo?"

Wateja walicheka mpaka mmoja chai ikampalia. Nami nikacheka, ila kwa tahadhari. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, aliniambia kabla sijaondoka: "Dada ana mdomo, lakini hana meno." Tutaona kama alihesabu vizuri.

Machi 5

Niandike hali ilivyo, maana nimejiahidi kuandika msimu mzima.

Mto huu hauna daraja. Barabara inashuka, inaingia majini juu ya zege lililolazwa chini, inatokea ng'ambo. Kiangazi maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Masika mto una tabia ya mgeni asiyebisha hodi: mvua inanyesha huko milimani, hapa jua linawaka, watu wanavuka wakipiga soga, halafu maji yanashuka kwa kishindo. Msimu uliopita lori la vitunguu lilisombwa. Dereva walimwokoa akiwa juu ya mti. Vitunguu viliota ukingoni mpaka kwa watu wa chini, ambao hawajawahi kulima vitunguu.

Kazi yangu ni vituo vitatu. Kimoja juu korongoni, cha kupima kina cha maji. Kimoja hapa, chenye taa na king'ora. Na kimoja katikati, juu ya kilima, cha kupokea neno kutoka juu na kulirusha chini, kwa sababu korongo na kivuko havionani. Umeme hakuna. Simu haishiki mpaka upande kilimani. Kila kituo kinajilisha chenyewe kwa jua na kuweka akiba kwenye betri. Maji yakipanda kule juu, taa ya hapa inakuwa nyekundu kabla hayajafika. Yakitulia, kijani.

Rahisi kama kusema. Na mimi nimejifunza kuogopa mambo yaliyo rahisi kama kusema.

Machi 8

Tumefunga kituo cha korongoni. Aliyenibebea nguzo ni mwanamume wanayemwita Kibuyu, kwa kuwa hazami. Ndiye anayetangulia mbele ya magari na fimbo ndefu akipima maji, dereva akimfuata. Nilidhani atanichukia, maana taa ni kama inamnyang'anya fimbo. Nikamuuliza wazi.

"Dada," akasema, "magoti yangu yameshakunywa maji ya kutosha. Taa ikinipunguzia hata nusu, nitaipigia saluti kila asubuhi."

Tumening'iniza kifaa kwenye mwamba uliochomoza juu ya maji. Kinatazama chini, kinapiga sauti usiyoisikia, kinasubiri mwangwi urudi, kinajua maji yako mbali kiasi gani. Kibuyu alikikodolea macho kwa muda. "Yaani kinauliza mto, na mto unajibu?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeuliza mto huu tangu ujana wangu. Hujibu. Hunisukuma tu."

Machi 9

Mvua. Sikutoka.

Machi 12

Leo kilimani. Njia ni ya mbuzi, na mbuzi wenyewe nadhani huipita kwa kusali. Kituo cha kati kimesimama, antena moja inatazama korongo, nyingine inatazama kivuko.

Wifi aliniuliza jioni kwa nini betri ya kituo hicho ni kubwa kuliko nyingine wakati hakipimi chochote. Ni mara yake ya kwanza kuuliza kitu kuhusu kazi yangu, nikajibu kwa furaha iliyopitiliza. Nikamweleza: kile cha juu kinasema neno moja halafu kinalala. Cha kati hakijui neno litakuja saa ngapi, kwa hiyo hakilali. Kusikiliza muda wote ndiko kunakochosha.

"Basi hicho ndicho mwanamke wa nyumba," akasema, akaenda kufunika moto.

Machi 15

Taa imewaka! Kijani, angavu, unaiona ng'ambo na ng'ambo. Watu walipiga makofi. Kibuyu alipiga saluti kweli.

Wifi hakupiga makofi. Alisubiri watu watawanyike.

"Wifi, nikuulize. Hoteli hii inakula nini?"

"Wateja."

"Wateja wanakaa hapa kwa nini?"

Jibu nililijua. Watu hukaa hapa kwa sababu hawajui kama wavuke. Wanakunywa chai wakiutazama mto, mto hausemi, wanaagiza kikombe kingine. Tangu mume wake afariki, mto huu ndio umesomesha watoto wake mpaka wamejitegemea.

"Lakini si hilo tu," akasema. "Hilo nitalimeza. Watu wa hapa wako hai kwa sababu wanauogopa mto. Wewe unawaletea taa wauache woga wakashike taa. Siku taa ikikosea, woga watautoa wapi?"

Nilimwambia taa haikosei. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Machi 16

Kijani kutwa. Hoteli tupu. Nimepewa chai ya baridi.

Machi 17

Kijani. Chai ya baridi.

Machi 18

Nyekundu tangu asubuhi! Maji yamekuja kama tulivyoambiwa, mazito, rangi ya matofali, na hakuna mtu aliyekuwa ndani. Hoteli imejaa hadi nje, chini ya bango linalotazama ng'ambo. Chai ya moto, na mkate umepakwa siagi.

Machi 19

Kijani. Chai ya baridi. Nimeanza kuelewa mfumo.

Machi 24

Leo sina hamu ya mzaha, lakini nitaandika.

Asubuhi nilifungua kompyuta kutazama vipimo vya jana, nikaona kituo cha korongoni kilinyamaza tangu jana mchana. Hakuna neno lolote. Nikatoka nje kutazama taa. Kijani. Tangu jana mchana mpaka muda ule, kijani, na watu wanavuka, mama mmoja na mtoto mgongoni, wazee wawili na baiskeli.

Nilikimbia mpaka ukingoni nikawaita watoke. Nikazima taa, nikampeleka Kibuyu na fimbo yake, nikakaa kwenye jiwe nikifikiri.

Kosa ni langu, na lilikuwa jepesi kabisa. Niliifundisha taa ishike neno la mwisho mpaka isikie jingine. Neno la mwisho lilikuwa "salama". Kwa hiyo iliendelea kusema salama, salama, salama, kama kasuku, na aliyeifundisha maneno alikuwa amelala. Panya alikuwa ametafuna waya kule juu, kama nilivyokuja kuona baadaye. Mto haukufanya kitu. Bahati tu.

Ningeweza kunyamaza. Waya ungefungwa, hakuna ambaye angejua. Lakini niliingia hotelini, watu wakiwa mezani, nikasema yote: taa iliwadanganya tangu jana, na aliyeifundisha kudanganya ni mimi.

Kijiko kilianguka mahali.

Wifi aliweka chini birika. "Kwa hiyo taa yako ni kama marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Njia haijui, lakini kuuliza hataki."

Wakacheka. Mimi nililia kidogo, maana utani ule ulikuwa na huruma kuliko pole. Nilitegemea aseme "nilikwambia". Hakusema. Alinimiminia chai, na ingawa taa ilikuwa imezimwa na sijui ihesabiwe rangi gani, chai ilikuwa ya moto.

"Umesema kabla hatujakukamata," akasema. "Kunywa."

Machi 25

Nimebadilisha mafunzo ya taa. Ikipita muda bila kusikia kitu, isishike neno la zamani. Iseme sijui.

Lakini inasemaje sijui? Nina kioo chekundu na kioo cha kijani, basi. Nilikuwa nafikiria kuagiza ofisini, ambako kungechukua mwezi, wifi akapita nyuma yangu, akarudi na dumu la mafuta ya kupikia, lile la njano, na kisu alichokipasha moto.

"Kata hapa ubavuni, pasipo na mwandiko."

Tumekata duara. Limekaa kwenye taa kana kwamba lilitengenezwa kiwandani, njano tamu kama ndizi. Kibuyu amezunguka kivukoni akifundisha watu: kijani pita, nyekundu kaa, njano ni "sijui, subiri kwanza".

Mzee mmoja mwenye baiskeli amecheka mpaka akashika usukani. "Nimeishi miaka mingi, sijawahi kuona chombo cha mradi kinachokiri hakijui."

Machi 30

Mvua, jua, mvua. Taa imebadilika rangi mara nyingi kuliko kinyonga. Nimegundua chai haifuati tena rangi.

Aprili 3

Nimemkuta wifi juu ya ngazi, anafuta paneli ya hapa kivukoni kwa kanga kuukuu.

"Ndege wanaigeuza choo," akasema bila kunitazama. "Hata wewe ungeshindwa kufanya kazi."

Aprili 6

Neno kutoka kilimani linakuja dhaifu. Nilipanda. Masika yameotesha kila kitu, majani mabichi yaliyolowa yamefunika mbele ya antena, na majani yaliyolowa hunywa mawimbi kama mchanga unavyokunywa maji. Nimefyeka. Limerudi na nguvu zake.

Aprili 9

Mume wangu hajaandika wiki mbili. Anapakia saruji kwenye lori lake upande wa pili wa mto, mbali sana. Wifi anasema mdogo wake tangu utotoni akiwa na jambo la kusema hulala nalo mpaka livunde.

Aprili 12

Mawingu. Jua hatujaliona.

Aprili 13

Mawingu. Betri ya kilimani inashuka.

Aprili 14

Mawingu. Adhuhuri taa imegeuka njano. Kituo cha kati kimekata pumzi. Angalau taa inasema ukweli, lakini ukweli haulishi. Nina betri ya akiba imejaa. Nilitaka kupanda papo hapo, mvua ikanipiga nikarudi na tope mpaka masikioni.

Aprili 15

Mikono inauma lakini lazima niandike leo leo.

Asubuhi taa bado njano, na Kibuyu amelala na homa, meno yanagongana. Hakuna taa, hakuna fimbo. Hoteli imejaa watu tangu jana, na wameanza kuchoka. Vijana wawili walishaingia majini mpaka magotini wakarudi wakicheka. Kicheko cha namna hiyo sikipendi.

Nilikuwa nafunga betri kwenye kamba nijibebeshe, wifi akatoka jikoni amejifunga kanga kiunoni, na panga mkononi.

"Betri hiyo ina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Utaibebaje peke yako kwenye utelezi?"

"Na hoteli?"

Aligeuka akawatazama wateja wake. Sijawahi kuona hoteli ile imejaa vile, na sijawahi kusikia mfanyabiashara akisema alichosema.

"Sikilizeni! Mimi natoka. Chai iko jikoni, mjimiminie. Atakayevuka kabla sijarudi, akifa amekufa, na akipona asikanyage tena hapa kunywa chai yangu!"

Waliokuwa wamesimama wakaketi. Nadhani wengi waliogopa la pili.

Alisokota kata, akajitwika betri, tukaanza kupanda. Mimi na vyombo na paneli ndogo ya pili mgongoni, yeye mbele na mzigo kichwani, mkono mmoja panga, mkono mwingine unashika mizizi. Alianguka mara moja, kwa magoti, betri haikugusa chini. Nilipomkimbilia akasema, "Usinishike mimi, shika hiyo!"

Karibu na kilele simu yangu ilishika mtandao, ikatetemeka. Ujumbe wa mume wangu, wa alfajiri: "Nimepakia natoka. Leo nalala hapo. Usimwambie dada, nataka kumshtua."

Nilimwonyesha wifi. Alisoma, akashtuka kweli, ila si kwa namna aliyoikusudia mdogo wake.

"Anatokea upande gani?"

"Ng'ambo."

Tuligeuka wote wawili. Kutoka kilimani unaona kivuko kama unavyoona kiganja. Ng'ambo, barabarani, lori lake lenye turubai la bluu lilikuwa linashuka. Lilisimama ukingoni. Mtu mdogo kama punje akateremka, akatazama taa, akatazama mto. Mto ulikuwa umetulia, na hilo ndilo lililonitisha, maana juu yetu, upande wa korongo, mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

"Njano," nikasema. "Anaona njano."

"Huyo hajui njano," wifi akasema. "Huyo anajua si nyekundu."

Sikumbuki nilivyofungua kisanduku. Nakumbuka bisibisi ikinianguka, wifi akiniokotea kwenye matope na kuifuta kwa kanga kabla ya kunipa. Waya mweusi. Waya mwekundu. Nikakosa mara ya kwanza. Yeye alikuwa anafyeka majani mbele ya antena na kunisimulia asiyotaka kuyaona: "Amerudi ndani ya gari. Moshi unatoka. Wifi, moshi unatoka."

Nikakaza. Kijitaa kikawaka. Lakini kisanduku hakiamki kama mtu aliyeitwa, kinaamka kama mwanafunzi Jumatatu: kinajinyoosha, kinajikagua, kinafikiri.

"Magurudumu ya mbele yako majini."

"Subiri."

"Mwambie yeye asubiri!" Akajiviringisha kanga mkononi, akaanza kuipunga na kupiga kelele kwa jina la utotoni la mdogo wake, jina ambalo nimeapa sitaliandika hapa. Kutoka kule asingesikia hata radi.

Ndipo neno likaja. Nililiona kwenye kioo cha kisanduku: korongoni maji yamepita alama ya hatari, na yalikuwa yanapanda bado. Kituo cha juu kilikuwa kinapiga kelele muda wote huo, hakuna wa kukisikia. Kisanduku kikalimeza neno, kikalirusha chini.

Sauti ilichelewa kutufikia. Kwanza tuliona lori limesimama, kama ng'ombe aliyepigwa kofi. Halafu tukasikia king'ora, chembamba, kinapanda kilima. Hotelini watu wakamwagika nje, mikono juu, wanapunga. Lori likarudi nyuma, likateleza, likashika, likarudi tena, likatoka majini.

Kisha maji yakafika. Siandiki yalivyokuwa. Mti mzima ulipita na kiota chake.

Wifi alikaa chini kwenye tope, panga mapajani. Nilidhani anacheka, kumbe analia, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Mjinga yule," akasema. "Nitampiga."

"Tutampiga wote," nikasema, nikakaa kando yake. Kisha tukainuka, tukafunga paneli ya pili.

Aprili 16

Nyekundu. Mto umejaa ukingo kwa ukingo. Mume wangu yuko ng'ambo, namwona, simpati.

Amepanda juu ya turubai akaweka mikono mdomoni. "Mke wangu! Umenona!"

"Nini?"

"Umeno-na!"

Sikusikia bado, kwa hiyo hoteli nzima ikanisaidia, kwa sauti moja: "ANASEMA UMENONA!"

Nilitamani mto unichukue. Wifi akasogea ukingoni akamjibu kwa niaba yangu maneno marefu kuhusu taa ya njano, akili ya mtu mzima, na mama yao. Hayo aliyasikia yote, hata neno moja halikupotea njiani.

Aprili 17

Nyekundu. Anatupungia. Tunampungia. Kibuyu ameamka, amekunywa uji, ametoka kuipigia taa saluti akiwa na shuka mabegani.

Nilimuuliza wifi kama atavuka nami kumwona mdogo wake maji yakipungua.

"Mimi sivuki."

"Kwa nini?"

"Mimi sivuki mto huu, wifi. Nilivuka siku naletwa kuolewa, nimebebwa begani na Kibuyu, nimefumba macho. Nikaapa. Kwetu huwa naenda kwa kuzunguka daraja la mbali, kutwa nzima njiani."

"Unakaa mtoni miaka yote hii na hujawahi…"

"Ndiyo maana nakaa hapa. Nani atauchunga vizuri kuliko anayeuogopa?" Akainuka. "Na usimwambie mtu. Kibuyu anajua, lakini Kibuyu hasemi."

Nilikuja hapa nikimwona mwanamke anayeitetea biashara yake. Nimelala na aibu kidogo.

Aprili 18

Kijani adhuhuri. Lori limevuka. Wifi alimpiga kweli, kwa mwiko, mara mbili, halafu akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Mengine ya jioni hii si ya kuandika.

Aprili 25

Nimebadilisha tabia ya kilimani. Sasa kituo cha juu na cha kati vimepeana ahadi: neno litakuja kwa vipindi, katikati cha kati kinalala. Kikiamka, kinasikiliza kwa makini, kinalala tena. Na paneli ya pili ipo. Mawingu siku mbili, betri haikutikisika.

Nilimwambia wifi kwamba mwanamke wa nyumba sasa anapumzika. "Mashallah," akasema. "Nifundishe na mimi."

Mei 6

Bosi wangu alikuja kukagua, kavaa viatu vyeupe. Vilirudi si vyeupe. Alitaka mtu wa hapa wa kutunza vituo nikiondoka, nikamtaja wifi. Alimtazama, akaniuliza pembeni kama mama huyu anaweza. Nilimwambia apande naye kilimani akaone. Alirudi akihema, viatu mkononi, akasema anaweza.

Wifi alisikiliza masharti yote, fulana ya mradi, kofia ya mradi, taarifa kila wiki. "Taa nitaitunza," akasema. "Kofia sivai."

Biashara? Malori na magari madogo yanayopita hapa yameongezeka, maana habari za taa zimesambaa na madereva walioacha njia hii wamerudi. Hawakai muda mrefu kama zamani. Ila wanakaa. Mtu asiye na wasiwasi, nimegundua, hula zaidi.

Mei 11

Nimemfungia wifi kibao kidogo cha kuandikia. Maneno machache yanaweza kupanda kilimani, kutoka hapo mpaka ofisini. Nilimwambia aandike hali ya vituo. Taarifa yake ya kwanza: "Betri imeshiba. Mto umelala. Bosi anunue viatu vya kazi."

Ofisi imejibu: "Imepokelewa." Kibuyu ameomba isomwe tena, mara tatu.

Mei 22

Mvua zimekwisha. Mizigo imefungwa, mume wangu ananifuata kesho na lori tupu.

Alasiri wifi alifunga jiko mapema, akavua viatu, akaja kusimama ukingoni karibu yangu. Taa ilikuwa kijani. Maji yalifika kifundoni, masafi, mawe yanaonekana.

"Ingekuwa inasema tu kijani na nyekundu," akasema, "nisingeiamini. Lakini imekuwa ikisema sijui, na mimi nimeisikia."

Akanipa mkono. Ulikuwa baridi, na alinishika kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Tukaingia. Hatua ya kwanza alisema jina la Mungu. Ya pili akanitukana. Katikati alisimama, nikadhani tutarudi, maji yakamzunguka miguu, akayatazama yanavyopita bila kumfanya kitu. Kibuyu alikuwa nyuma yetu na fimbo, hakusema neno. Macho ya wifi yalikuwa wazi muda wote.

Tukatoka ng'ambo. Aliniachia mkono, akageuka, akatazama tulikotoka: mto, taa, moshi wa jiko, hoteli yake. Alitazama kwa muda mrefu, nikajiandaa kumbembeleza.

"Wifi," akasema.

"Naam, wifi."

"Miaka yote hii bango langu limepinda, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia."